Kilemba Kwenye Fundo la Kumi na Mbili

Watu wa Nyakasolwa husema Mwalimu Nyamizi Ngassa ana dharau. Wanasema kweli. Wanachokosea ni kudhani kwamba dharau hiyo aliipata chuoni pamoja na stashahada yake. Alitoka nayo nyumbani kwao Samuye, na aliipata akiwa na miaka tisa, siku mchuuzi wa mifugo alipokuja kwa mzee Ngassa na kamba ya kupimia ng'ombe.

Kamba ile ilikuwa na namba pande zote mbili. Unaizungusha kifuani mwa ng'ombe, unasoma mzingo wa kifua upande mmoja na uzito upande wa pili. Mchuuzi aliipenda kamba yake kuliko macho yake. Alipima madume, akapima mitamba, akafika kwa ng'ombe mmoja mzee aliyekuwa amevimba tumbo tangu asubuhi kiasi cha ngozi kulia kama ngoma. Akampima naye. Akatangaza kwamba huyo ndiye mzito kuliko wote zizini. Jua halijazama, ng'ombe yule akafa. Mchuuzi akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa akiitazama kamba yake, akairudia namba ileile kwa sauti, kana kwamba ng'ombe ndiye aliyemdanganya.

Nyamizi mdogo alimtazama yule mtu mzima na kuona jambo ambalo hakuacha kuliona tena maishani: kwamba mtu anaweza kusoma namba sawasawa na bado akawa mjinga. Kamba haikukosea. Ilitengenezwa kwa ng'ombe wazima, ikapelekwa mahali isipohusika.

Sasa ana miaka hamsini na moja, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia kufundisha hisabati katika sekondari ya kata, upande huu wa Geita ambako watoto hukaa darasani na masikio yao yako kwenye karasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu kuanzia alfajiri. Mumewe alifariki zamani. Binti yao, Noela, anasomea uuguzi Kolandoto. Nyumbani anaishi na mdogo wake, Maganga, aliyeacha pamba Kishapu baada ya misimu mitatu ya jua kali na kuja kuchimba.

Somo lake hufundishwa kwa Kiingereza, huulizwa kwa Kiswahili, na likieleweka, hueleweka kwa Kisukuma. Mada anayoipenda ni ile ambayo wanafunzi huiita fanksheni, na ambayo mwalimu mwenzake, Benjamini, huiruka kila mwaka kwa sababu alama zake kwenye mtihani ni chache. Nyamizi hairuki.

"Kanuni ni mashine ya kusaga," huwaambia. "Kabla hujaiwasha, niambie nini kinaruhusiwa kuingia. Hicho ndicho kikoa. Halafu niambie nini kinaweza kutoka. Huo ndio upeo. Ukimwaga kokoto kwenye mashine ya unga, usije kwangu kulalamika kwamba ugali una mchanga."

Miaka kumi na minne iliyopita aliwapa kidato cha nne swali jepesi. Ng'ombe mmoja anatoa lita nne za maziwa kwa siku. Andika kanuni, kisha chagua namba tatu za ng'ombe uzijaribu. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, Sostenes, alichagua tano, kumi, na hasi tatu. Akazidisha vizuri sana. Ng'ombe hasi watatu wakampa lita hasi kumi na mbili.

Nyamizi aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Maziwa haya atayanywa nani?"

Sostenes alikuja na daftari mkononi. "Madamu, hesabu si iko sawa?"

"Hesabu iko sawa. Ng'ombe ndio hawako."

"Lakini nne mara hasi tatu..."

"Sostenes, umewahi kukamua ng'ombe ambaye hayupo?"

Darasa lilicheka, naye akaondoka bila kuelewa. Hakuelewa mwaka ule, hakuelewa kwenye mtihani, na matokeo yalipotoka akaenda machimboni. Huko, kwa kuwa alijua kuzidisha upesi kuliko wenzake, wakamfanya msimamizi wa duara. Duara ni shimo la kuchimba dhahabu, na msimamizi wake ndiye anayesema nani ashuke, saa ngapi, hadi wapi. Ndivyo ilivyo Nyakasolwa. Mtu aliyekamua ng'ombe wasiokuwepo alikabidhiwa pumzi za watu tisa.

Mmoja wa hao tisa ni Maganga.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, Maganga alirudi mapema, akaoga, akakaa jikoni dada yake akisonga ugali. Alikuwa anajiminya paji la uso kwa vidole viwili.

"Kichwa tena?" Nyamizi akauliza.

"Kidogo tu. Kule chini hewa nzito. Lakini kesho tunamaliza. Tumefika kwenye mwamba, dada. Udongo laini umekwisha. Asubuhi tunapiga baruti ya kwanza chini kabisa."

"Chini kabisa ni wapi?"

"Futi mia na sitini. Mafundo kumi na sita ya kamba, kila futi kumi fundo."

Mwiko wa Nyamizi ulisimama. "Na moshi wa baruti mtausubiri kwa muda gani?"

"Sostenes ameshapiga hesabu. Ana daftari lake la tangu duara linaanza. Futi arobaini tulisubiri dakika ishirini, tukashuka salama. Futi themanini, dakika arobaini, salama. Mia na ishirini, saa nzima, salama. Kila fundo dakika tano. Kwa hiyo kesho ni dakika themanini." Maganga akatabasamu. "Anasema wewe ndiye uliyemfundisha."

"Bomba la upepo lina urefu gani?"

Swali hilo halikuwa na sababu ya kumshangaza mtu anayeshuka shimoni, lakini Maganga alishangaa. Juu ya duara palikuwa na feni, na kwenye feni lilifungwa bomba pana la nailoni lililopeleka hewa safi chini na kuusukuma moshi utoke.

"Lile lile. Mia na ishirini."

"Hamkuliongeza?"

"Sostenes anasema upepo unajua njia."

Nyamizi aliepua sufuria. Kanuni ya dakika tano kwa kila fundo ilizaliwa na bomba lile, na ilikufa pale bomba lilipoishia. Kutoka sifuri hadi futi mia na ishirini, kutoka sifuri hadi dakika sitini: hapo ndipo ilipokuwa na haki ya kusema. Chini ya hapo palikuwa na futi arobaini za shimo ambako hakuna upepo uliowahi kupulizwa, na moshi wa baruti, ambao hauna sababu ya kupanda, ungekaa humo hata juma zima. Dakika themanini zilikuwa maziwa ya ng'ombe hasi watatu.

"Kesho hushuki," akasema.

"Dada, mimi si mtoto. Nisiposhuka, nafasi yangu anapewa mwingine. Na wenzangu watasema nimezuiwa na mwanamke."

"Wenzako watakuwa wamekufa. Hawatasema kitu."

Maganga alikula, akaenda kulala. Asubuhi hakuwepo kitandani.

Nyamizi alifika machimboni saa tatu kasoro. Baruti ilikuwa imeshalia. Aliisikia akiwa njiani, chini ya miguu kuliko masikioni. Duara lilikuwa limezungushiwa kamba ya katani juu ya vigingi vinne, hatua ishirini kutoka mdomoni. Kamba hiyo ilikuwa ya wanawake. Nyakasolwa wanaamini kwamba mwanamke akisogelea duara, dhahabu hukimbia, na mawe huanguka yenyewe. Mama Dorah, aliyewapikia wachimbaji hao mwaka wa tatu sasa, hakuwahi kuvuka. Aliweka sufuria chini, akaita, wakaja kuchukua. Dhahabu haikukimbizwa na wali aliopika, ila miguu yake.

Ndani ya kamba, Sostenes alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwa na daftari pajani na saa ya ukutani aliyoiegemeza kwenye jiwe. Rozari ilining'inia shingoni. Hatua tatu kutoka kwake, kwenye kigingi, alifungwa jogoo mwekundu aliyeagizwa na mganga kwa ajili ya siku ya kudaka jiwe, yaani kuufikia mwamba wenye dhahabu. Mtu huyu alikuwa amejiwekea bima kila upande isipokuwa upande wa hewa.

"Madamu, shikamoo," akasema bila kuinuka.

"Marahaba. Zimebaki dakika ngapi?"

"Ishirini na tano. Kila kitu kiko kwenye mahesabu. Unaona matunda ya kazi yako?"

"Ninayaona. Bomba lako linaishia wapi, Sostenes?"

Wachimbaji waligeuka. Maganga alikuwa miongoni mwao, viatu vya mpira miguuni, akitazama pembeni. Kwenye roda, lile gurudumu la kushushia kamba, alisimama Zamoyoni, mtu wa mjini mwenye maneno mengi na mikono mipana.

"Mia na ishirini," Sostenes akajibu. "Lakini kanuni haiangalii bomba. Inaangalia kina."

"Nani alikuambia haiangalii bomba?"

"Nimeipima mara tatu."

"Umeipima mara tatu mahali bomba lilipofika. Mahali lisipofika umeipima mara ngapi?"

Sostenes alifungua daftari, akalifunga. "Madamu, kwa heshima zote, hii ni kazi ya wanaume. Na tayari umesimama karibu mno. Kamba umeigusa."

"Nimeigusa kwa kanga yangu. Mna mpaka wa wanawake hapa, mmeupigia vigingi vinne, na mnaulinda kuliko mboni ya jicho. Mpaka wa namba yako uko wapi? Mmemkataza nani mwingine kuingia, zaidi ya Mama Dorah?"

Mama Dorah alifunika mdomo kwa upande wa kitenge. Mchimbaji mmoja akasema, "Leo tumerudishwa darasani," na wengine wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa kifupi.

"Unaziamini dakika zako themanini?" Nyamizi akauliza.

"Naziamini."

"Zikitimia, mtu akishuka atarudi mzima?"

"Atarudi mzima."

"Na jogoo?"

Jogoo, kwa kujisikia ametajwa, akakung'uta mabawa.

"Yule ni wa mganga," Sostenes akasema.

"Mkuu," Zamoyoni akasema kutoka kwenye roda, kwa sauti ya mtu anayesaidia, "kama hesabu iko sawa, si atarudi? Atapata na safari. Jogoo gani hapa Geita ameshuka mafundo kumi na sita?"

"Zamoyoni, nyamaza."

"Nanyamaza, mkuu. Nauliza tu. Sisi tukishuka ni salama, jogoo akishuka ni hasara?"

Hakuna aliyecheka. Wanaume wale, ambao hawakuwa wamejiuliza swali moja kuhusu maisha yao tangu asubuhi, walikuwa wanamtazama Sostenes, na kwa mara ya kwanza walionekana wanahesabu. Sostenes angeweza kukataa. Lakini mtu mwenye majivuno hawezi kukataa kujaribu kitu alichokwisha kukitangaza. Alitazama saa hadi mshale ukafika. Dakika themanini kamili. Akampungia Zamoyoni.

Jogoo aliwekwa kwenye ndoo ya kupandishia mawe, akafunikwa kwa wavu. Kamba ikashuka, fundo baada ya fundo, Zamoyoni akiyataja kwa sauti. Hadi la kumi na mbili, feni ilisikika ikivuma ndani ya bomba. Baada ya hapo waliisikia roda peke yake. Kumi na sita. Wakasubiri dakika tano, muda ambao mtu angeutumia kuwasha taa na kuanza kukusanya mawe. Kisha wakapandisha.

Jogoo alitoka na shingo iliyolegea kama soksi. Hakuwa na jeraha. Zamoyoni alimwinua kwa miguu, akamgeuza huku na huku, akamweka chini polepole mbele ya kiti cha plastiki.

"Mmeona," Sostenes akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Ni kwa sababu kasimama hapo. Mwanamke kagusa kamba."

Nyamizi alimtazama. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema, na kila moja lingekuwa la bure. Mbele yake alikuwa mtu aliyepewa jibu miguuni pake, bado lina joto, na amekataa kulisoma.

"Tutaongeza dakika kumi," Sostenes akaendelea. "Tisini. Halafu wanashuka wawili wepesi. Maganga na..."

"Mimi hapana," Maganga akasema.

Hakusema kwa ukali. Alivua kofia, akaenda kwenye roda, akaanza kuivuta kamba huku akihesabu mafundo kwa kidole. Alipofika la kumi na mbili akasimama, akamgeukia dada yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu afike.

"Dada, nipe kitambaa."

Nyamizi alifungua kilemba kichwani, kipande cha kitenge cha njano kilichopauka, akakirusha juu ya kamba ya katani. Maganga akakifunga kwenye fundo la kumi na mbili, akakaza kwa meno.

Wanaume walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja.

"Hiyo dawa ya nani?" Sostenes akauliza.

Hapa Nyamizi angeweza kunyamaza, na wengi wangenyamaza. Uongo ulikuwa umejileta wenyewe na ungefanya kazi nzuri. Lakini hajawahi kumpa mtu jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi, na hakutaka kuanzia kwa Sostenes.

"Si dawa. Ni kilemba changu. Nimekifua juzi kwa sabuni ya mche. Kinaonyesha mahali kanuni yako inapoishia, basi."

Alidhani ukweli huo utawaondolea hofu. Ulikuwa mbaya kuliko dawa. Dawa ina mganga wake, na mganga hupozwa. Lakini kitambaa cha kichwani mwa mwanamke, mjane, juu ya kamba ya duara: nani angethubutu kukigusa, nani angekubali kupita chini yake? Zamoyoni aliachia roda, akafuta viganja kwenye suruali. Mmoja akavua viatu vyake vya mpira. Mwingine akaenda kuchukua chai kwa Mama Dorah. Ndani ya robo saa duara lilikuwa na msimamizi, daftari, saa ya ukutani, na jogoo aliyekufa.

Njiani Maganga alitembea nyuma ya dada yake. Walipofika nyumbani akauliza kama ugali wa jana ulibaki.

"Umebaki," akasema Nyamizi, akaingia kuupasha moto.

Kwa wiki tano wachimbaji wale walifanya kazi juu ya kilemba, wakipasua ukuta wa kando kwenye futi mia, na hakuna aliyeshuka kupita fundo la kumi na mbili. Nyamizi alisikia habari hizo sokoni na hakufurahi. Walikuwa hai kwa sababu ya upumbavu uleule uliotaka kuwaua. Somo hawakulipata, walipata kitambaa tu.

Kisha, Jumapili moja baada ya misa, Sostenes alibisha mlangoni. Nyamizi alikuwa mezani akisahihisha. Sostenes alisimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Madamu, nimenunua bomba lingine. Futi themanini. Tumeliunga."

"Vizuri."

"Sasa, kile kilemba. Hakuna anayekubali kukigusa. Hata mganga amesema mwenye kilemba ndiye akifungue. Ninaomba uje."

"Hata kamba yenu ya wanawake nivuke?"

Sostenes aliizungusha kofia mkononi. "Tutaishusha kidogo."

Nyamizi aliweka kalamu chini. Alikuwa amesubiri kuliuliza swali hili miaka kumi na minne. "Bomba sasa lina jumla ya futi ngapi?"

"Mia mbili."

"Kwa hiyo kinachoruhusiwa kuingia kwenye kanuni yako?"

Alifikiri. Midomo ilicheza. "Kuanzia sifuri hadi mia mbili."

"Na kinachoweza kutoka?"

"Dakika sifuri hadi mia moja," akasema upesi, na uso wake ukang'aa.

"Hapana. La kwanza umepata. La pili umezidisha tu, kama kawaida yako. Dakika tano kwa fundo ulizipima kwa bomba fupi, feni ikisukuma futi mia na ishirini. Sasa feni ileile inasukuma mia mbili. Nani amekuambia nguvu ni ileile? Hujui kinachotoka mpaka upime upya. Ushushe kuku kwanza, fundo kwa fundo, uandike dakika ulizoziona, si ulizozikisia. Uniletee karatasi hiyo. Ndipo nitakuja kufungua kilemba changu."

Akachukua kalamu, akavuta daftari lingine. Sostenes alivaa kofia. Akafika mlangoni, akatoka, na vivuli vya miguu yake vikaonekana vimesimama chini ya mlango. Akarudisha kichwa ndani.

"Madamu," akauliza, "hao kuku ni lazima wawe wekundu?"